Kabla ya Kuacha Barabara, Somanda

Julai ndio mwezi wa kutoka na gari Bariadi. Mvua zimeshakatika, pamba nyingi imeshachumwa na kufikishwa kwenye chama cha ushirika (AMCOS), tope la mbugani limekauka na kupasukapasuka, na ng'ombe wanazurura kwenye mabua bila kumharibia mtu. Shemeji yangu, mdogo wa mume wa dada, alikuwa amekuja likizo kutoka Muscat na mkewe na watoto, akafikia hapahapa Somanda kwa kaka yake. Alitaka siku nzima ya kuendesha gari kwenye mchanga, nje ya barabara, na chakula cha mchana kiliwe hukohuko. Kazi ya kupanga nikaachiwa mimi, niliyekuwa likizo vilevile.

Ombi hilo lina asili yake. Babu yao alitoka Ibra, Omani, akafungua duka Maswa, kama Waarabu wengi waliotawanyika vijijini Usukumani enzi hizo. Baadaye wengine kwenye ukoo walirudi Omani, wengine wakabaki. Shemeji anazungumza Kiswahili safi na Kisukuma cha kusalimia, lakini watoto wake wamezoea kwenda Ramlat al-Wahiba, mchanga uliotanda kilomita za mraba zipatazo 12,500 kusini ya Ibra na Bidiya, wenye vilima vinavyofika mita 100. Siku za mapumziko, familia nyingi za huko hupunguza upepo wa tairi ukingoni mwa jangwa, hupanda vilima na kuteremka, kisha hutandika mkeka na kula wali na nyama. Mtoto aliyezoea hivyo akifika Bariadi na kuona ardhi tambarare isiyo na uzio, anadhani pote panapitika.

Magari yenyewe ya mchezo huo, mabagi, yana historia fupi. Mwaka 1964 Bruce Meyers, mtengenezaji wa mashua huko California, alitengeneza bodi nyepesi ya faibaglasi, akafunga humo mitambo ya Volkswagen. Gari likawa jepesi, halina milango, linapita juu ya mchanga pale magari mazito yanapozama. Kutoka hapo bagi limefika karibu kila mahali penye watalii, Zanzibar ikiwemo. Nimeyaona kaskazini ya Unguja, upande wa Nungwi na Kendwa, yakienda kwa msururu. Wageni wamevaa miwani na vitambaa vya kuzuia vumbi puani. Watoto wa kijiji waliosimama kando ya njia hawana miwani wala kitambaa, na vumbi lote wanalimeza wao. Nilichukizwa siku ile, na bado nachukizwa. Nilipoanza kupanga ya Somanda, hilo ndilo jambo la kwanza nililokataa.

Sasa, mchanga uko wapi?

Rundo la mchanga lililo karibu nasi na linalostahili jina hilo liko upande wa pili wa Serengeti, jirani na Bonde la Olduvai, ndani ya eneo la Ngorongoro. Ni majivu meusi ya volkano ya Oldoinyo Lengai, yaliyokusanywa na upepo yakawa na umbo la mwezi mwandamo. Kimo chake ni kama mita 9, urefu kama mita 100, na upepo wa mashariki hulisukuma kuelekea magharibi kiasi cha mita 17 kwa mwaka. Chembe zake zina madini ya chuma na hushikana, ndiyo maana rundo zima huhama pamoja bila kusambaa. Vigingi vimewekwa kuonyesha lilikokuwa miaka iliyopita. Ni moja ya vitu vya ajabu katika nchi hii, na ningependa kila mtoto wa Simiyu alione. Lakini kutoka Somanda unakwenda kwanza Lamadi, kilomita 71.8 za lami, unaingia lango la Ndabaka, unavuka Serengeti yote mpaka Naabi, ndipo unaingia Ngorongoro, na kila hifadhi ina ada yake. Ukifika, huruhusiwi kulipanda kwa gari. Na wala haifai, kwa sababu Wamaasai wanauheshimu mlima ulioyazaa majivu hayo kama mahali pa Mungu. Tukaliweka Olduvai kwenye orodha ya safari nyingine.

Watu wa pale nyumbani wakaniambia jibu liko karibu zaidi: mtoni. Kweli, Mto Simiyu ukiutazama wakati wa kiangazi, unaona barabara pana ya mchanga mweupe iliyopinda kuelekea magharibi, Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, bila tone la maji juu yake. Hata Duma, unaoungana nao, huwa hivyo. Mtu wa mabagi akiuona atashukuru. Mimi nilikaa ukingoni asubuhi moja nikaona kinachofanyika pale. Wanawake na wasichana walikuwa wamechimba visima vifupi kwenye mchanga, wakisubiri maji yajikusanye, wanachota kwa kata taratibu wasiyachafue. Pembeni kilikuwa kisima kingine kilichozungushiwa miiba ili ng'ombe wasiingie. Mchanga ule ndio tangi na ndio chujio. Maji ya masika yamehifadhiwa chini yake, jua haliyafikii. Gari likipita hapo linaponda kuta za visima, na tone moja la oili likidondoka litafuata maji hadi kwenye ndoo ya mtu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, lakini hata kama sheria isingekuwepo, nisingethubutu kuwaambia wale akina mama wasogee watoto wetu wacheze.

Hifadhini ndiko usiseme. Serengeti, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951, hairuhusu gari kuacha njia, na mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa. Pori la Akiba Maswa lina taratibu na vibali vyake. Ukibaki nje ya mipaka hiyo, unabaki kwenye ardhi ya vijiji, na hapo ndipo nilipokwenda kumwona mzee mmoja, rafiki wa zamani wa babu yao shemeji.

Nilimkuta chini ya mti akishona kamba ya nira. "Mwangaluka, baba," nikamsalimu. Akaitika, akauliza habari za nyumbani, za dada, za wageni wa Uarabuni, za mvua iliyopita, kisha akanyamaza akisubiri. Nikamweleza shida yangu: tunatafuta mahali pasipo na barabara, tupite na gari, tule, turudi.

"Usiniambie mnakwenda wapi," akasema. "Niambie mtapita kwa nani."

Sikuwa na jibu, akaanza kunieleza. Kila pahala nilipoonyesha kwa kidole pana mwenyewe. Hapa shamba la pamba la fulani, limeshavunwa lakini matuta yamebaki, na gari likiyasawazisha mwenye shamba atalima upya kwa gharama yake. Kule majaruba ya mpunga, kingo zake zikibomoka maji ya msimu ujao hayatakaa. Pale ng'ambo, palipoota nyasi ndefu na miti ya migunga, ni ngitili.

Kuhusu ngitili niseme zaidi, kwa sababu mgeni akiiona anaidhania pori tupu. Ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili nyasi zisimame, yafunguliwe kiangazi kikiwa kikali na ng'ombe hawana pengine pa kula. Ipo ya familia, ipo ya kijiji. Utaratibu huu ni wa Wasukuma wa zamani, na ulikaribia kufa. Misitu ilikatwa kumfukuza mbung'o, ikakatwa tena kupanda pamba, mifugo ikaongezeka, kisha miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa na kuyaacha malisho yao nyuma bila mlinzi. Enzi hizo Bariadi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, kwani Simiyu imekuwa mkoa mwaka 2012 tu. Hali ilifikia Mwalimu Nyerere kuiita Shinyanga jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na wataalamu wake walifanya jambo la busara: badala ya kuleta miti ya kigeni peke yake, waliwauliza wazee walikuwa wakifanyaje zamani. Ngitili zikarudi, katika vijiji 833, na mwaka 2002 mpango huo ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Nikamwambia shemeji habari hii usiku ule barazani, naye akaipokea kwa namna ambayo sikuitegemea. Alisema Omani hawakuchagua kuwa na jangwa, wamelikuta. Hapa watu waliliona likija na wakalirudisha. Akawaita watoto waje wasikilize nirudie tangu mwanzo. Kuanzia hapo neno la kupita ovyo halikutajwa tena nyumbani kwetu, na mpango wenyewe ukawa wa watu wote.

Kesho yake mzee alituchorea njia kwa fimbo kwenye vumbi. Ardhi ya Usukumani ina mpangilio unaojirudia kila kilima. Juu kabisa ni miamba ya matale. Miguuni mwake ni luseni, udongo wa mchangamchanga uliotokana na matale hayo kumeng'enyeka, mwepesi, unaopandwa mihogo, karanga na viazi vitamu. Ukishuka unakuta ibambasi, udongo mgumu kama sakafu usioota kitu cha maana. Chini bondeni ni mbuga, udongo mweusi mzito, ambao mvua ikinyesha hunasa hata ng'ombe, na kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mguu mzima. Miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, aliueleza mpangilio wa namna hii katika udongo wa Afrika Mashariki na kuupa jina la katena, na wanasayansi wa udongo duniani wanalitumia hadi leo. Mzee wetu hamjui Milne, lakini kila tabaka la udongo alilijua kwa jina, kwa zao na kwa gurudumu la mkokoteni.

Njia aliyotupa ilifuata mapito ya ng'ombe wa mnadani, yaliyokanyagwa kwa miaka mingi hadi yakawa mapana kupita gari. Inaanza kwenye luseni, ambako kwato zimesaga mchanga ukawa laini na wa kina, inakatiza uwanda wa ibambasi, inapita juu ya tuta la lambo, inapanda tena luseni ya kilima cha pili hadi kwenye miamba. Hakuna shamba la mtu, hakuna ngitili, hakuna mto. Mchanga upo wa kutosha kumtoa jasho dereva wa Wahiba.

Kilichobaki kilikuwa ruhusa. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, na mzee akasisitiza tusiondoke bila kuonana na kamanda wa sungusungu. Alikuwa na haki. Ulinzi huu wa jadi ulizuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, na hadi leo gari geni likionekana linazunguka porini bila habari, kinachofuata ni mwano, ukelele wa kuitana, na vijiji vizima hutoka na silaha. Wezi wa mifugo na majangili hutumia magari kama lile tulilolikodi. Tuliandikisha namba ya gari, siku, saa na njia. Tukaulizwa tutachangia nini. Lambo lilikuwa limevunjika ukingo, tukachangia fedha za kuliziba, na risiti tukaandikiwa.

Bariadi bagi halipo, na sikuona sababu ya kulitafuta. Tulikodi Land Cruiser mkonga pamoja na dereva wake, na kijana mmoja wa bodaboda akatangulia kuonyesha njia na kuwatahadharisha wachungaji. Asubuhi fundi alikagua springi, rejeta na mikanda. Tulipakia pampu ya upepo, tairi mbili za akiba, sepetu, kamba nene ya kuvutia, mbao mbili za kutanguliza chini ya tairi na kipande cha ubao kipana cha kuwekea jeki, kwa sababu jeki kwenye luseni huzama yenyewe. Madumu ya maji yalikuwa mengi kuliko tulivyodhani tunahitaji. Shemeji alitaka tairi zishushwe upepo hadi paundi 15 kama kwao. Dereva akakataa: luseni ina visiki vya mihogo na miiba ya migunga, na tairi laini mno hutobolewa ubavuni. Wakakubaliana paundi 22.

Chakula ndicho kilichopangwa kwa makini kuliko vyote. Kuwasha moto karibu na ngitili mwezi Julai ni kosa kubwa, cheche moja inamaliza malisho ya kijiji. Kwa hiyo tuliafikiana na mke wa mzee, mama tunayemwita mayu, kwamba chakula kipikwe nyumbani kwake, kwenye mafiga, na kiliwe miambani. Dada yangu alikwenda kumsaidia tangu alfajiri. Mimi nilipanda gari la kwanza la Lamadi kufuata sato waliovuliwa usiku, nikarudi nao kwenye barafu kabla jua halijawa kali. Mayu alipika ugali wa mtama, mweusi kidogo, mzito, ambao watoto wa Muscat hawajapata kuuona. Alipika nsansa, majani ya kunde yaliyoanikwa tangu masika, akayaunga kwa karanga zilizotwangwa kwenye kinu hadi zikatoa mafuta. Kulikuwa na kuku wa kienyeji mmoja mkubwa, maziwa mgando kwenye kibuyu, na michembe iliyochemshwa kwa karanga. Kwa safari akatufungia matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa kwanza kisha vikakatwa na kukaushwa, vigumu kidogo mdomoni halafu vitamu kadiri unavyotafuna. Wageni wengi hufungashiwa wali na soda hotelini mjini wakapeleka porini. Kula hivyo Usukumani ni kukosa nusu ya safari. Chakula hiki kimetoka kwenye luseni ileile wanayoipita, na mtoto anapoambiwa kwamba karanga zimelimwa kwenye udongo kama ule gari lilimokuwa linazama, anaelewa kwa nini tulizunguka mashamba ya watu.

Siku yenyewe ilikwenda vizuri. Kwenye luseni ya kwanza shemeji alichukua usukani, akaliachia gari liende kwa gia nzito bila kukanyaga breki, akifuata mikunjo ya mapito, na gari likawa linayumba pole kulia na kushoto huku mchanga ukirushwa nyuma. Watoto walipiga kelele za furaha. Kila tulipokaribia mji wa mtu, kijana wa bodaboda aliinua mkono, tukaenda mwendo wa mguu, tukasimama, tukasalimia. Wazee walitaka kujua ukoo. Jina la babu lilipotajwa katika mji mmoja, bibi mmoja akasema aliwahi kununua khanga kwake, akamshika shemeji mkono asiuachie kwa muda mrefu.

Korongo moja kavu lilitunasa. Tairi za nyuma zilichimba hadi ekseli ikagusa. Dereva alizima injini, akatushusha wote, akapunguza upepo tena, tukafukua kwa sepetu na kutanguliza mbao. Wachungaji watatu waliokuwa wakitutazama toka mbali walikuja bila kuitwa, wakasukuma pamoja nasi, gari likatoka. Tulikula nao. Mayu alikuwa amepika cha ziada, kama ilivyo desturi ya mtu anayepikia watu wa njiani.

Miambani kuna kivuli kikubwa upande wa mashariki ikishapita saa sita. Unaona mbuga yote chini, malambo mawili, na ngitili ya kijiji ikiwa kijani iliyofifia katikati ya wekundu. Tulinawishwa mikono, tukala kwa sinia mbili, mzee akiwa katikati ya watoto akiwaonyesha jinsi ya kutonga ugali na kuutia kishimo cha kuchotea nsansa. Binti mkubwa wa shemeji alimwuliza mzee kama hapa pangeweza kweli kuwa jangwa. Mzee akamwonyesha kilima cha kushoto, akamwambia alipokuwa na watoto wadogo, mbuzi walikuwa wakipanda pale kutafuta jani moja moja.

Shemeji amerudi Muscat. Juzi amenipigia simu: rafiki zake wawili na familia zao wanataka kuja Desemba, na mmoja ameuliza kama anaweza kusafirisha bagi lake kwa meli hadi Dar es Salaam. Nimemjibu kwamba Desemba mbuga imelowa, pamba imeota, na mapito ya ng'ombe yamelimwa kandokando hadi gari halina pa kupishana. Waje Julai. Bagi walibakishe Bidiya, mkonga wa kukodi tunao. Mayu ameshaambiwa idadi, na mwenyekiti ametaka mchango wa safari hii uwe mifuko ya saruji ya birika la kunyweshea mifugo, iletwe wiki moja kabla.